Kidirisha

Ukubwa wake ni ukucha wa kidole cha mwisho.
Ukikilaza juu ya gazeti, herufi zinazama:
jicho langu linaona kigae cheusi, basi.
Nakishika kwa koleo, nabana pumzi.
Hata pumzi ya fundi ni uchafu hapa.

Mama alikuwa na chujio la mbege kule Kibosho,
lilizuia pumba, likaachia kinywaji.
Hiki kimetengenezwa na watu wachoyo zaidi:
tabaka la jermaniumu, tabaka la zinki salfaidi,
jermaniumu tena, zinki tena,
kila moja jembamba kuliko utando wa ndani ya yai,
arobaini na kitu, sikuhesabu, karatasi ndiyo ilisema.
Mwanga unaingia kwa vishindo kama gulio la Kiboriloni,
unagonga ukuta, unarudi, unajikanyaga,
na mwali mmoja tu unapita,
ule wenye hatua inayolingana na ujia:
mikromita tatu nukta nne.
Mingine yote, rudini mlikotoka.

Kwa nini huo? Kwa sababu ndio chakula cha gundi.
Toluini, benzini, petroli ya kusafishia soli,
popote kaboni ilipomshika haidrojeni mkono
pana mtikisiko uleule, nao hula mwali uleule.
Taa inawaka upande huu wa mrija,
upande wa pili yupo anayepokea.
Hewa ikiwa safi, mwali unafika mzima.
Hewa ikiwa na gundi, unafika umemegwa.
Mashine haioni sumu.
Inaona pengo.

Hilo nililijua kabla ya chuo.
Ndekirwa alibandika soli miaka tisa
humuhumu Pasua, nyuma ya maghala ya mahindi,
mlango mmoja, dirisha limezibwa maboksi, mwizi asichungulie.
Wiki ya kwanza alisema kichwa kinagonga.
Wiki ya tatu alisema harufu imeisha.
Haikuisha. Pua ndiyo iliyosalimu amri.
Baadaye akatia chumvi kwenye chai,
akamwita mwanawe kwa jina la mbuzi,
akatembea akishika kuta.
Tukasema pombe.
Mungu atusamehe, tulisema pombe,
na yeye hata mbege ya mama hakuonja.

Krismasi baba akigawa nyama
kisu husita mahali fulani kwenye kidari,
sekunde moja, kisha huendelea.

Sasa Bwana Lyatuu ameniita. Kifaa chake kimenyamaza
tangu mwezi wa nne, anasema, hewa imekuwa nzuri,
na vijana wanne wanapaka gundi huku macho yanawatoka machozi.
Nafungua boksi. Kidirisha kimechomoka pembeni,
kimeinama nyuzi ishirini, labda zaidi.
Kikiinama hubadili msimamo:
hupitisha wimbi jingine, fupi kidogo,
na gundi hupita mbele yake bila kuulizwa.
Hakikuvunjika. Kiliinama tu.

Nakirudisha kitako, nakaza skrubu mbili.
Jirani yake kipo kidirisha cha pili, mikromita tatu nukta tisa,
huko toluini haina habari.
Huyo ni shahidi: taa ikichoka, vumbi likitanda,
vyote viwili hufifia pamoja,
na hakuna anayesingiziwa.
Sisi hatukuwa na shahidi wa pili.

Nawasha.
Kijana wa mwisho, Mcharo, anafungua tina,
na king'ora kinapiga hadi kuku wa jirani wanatawanyika.
"Kimeharibika tena?" anauliza Bwana Lyatuu.
"Hapana. Kimenyooka."

Ananitazama, anatazama ankara yangu, anaguna.
Mcharo tayari anachomoa maboksi dirishani,
moja, la pili, la tatu limeoza linakatikia mkononi.
Namba kwenye kioo ni mia mbili na kumi.
Mia mbili na tisa.
Mia mbili na tisa.
Mia na tisini na nane.
Nakaa juu ya kreti, nazisoma kwa sauti,
kwa mtu ambaye hayupo.